Nilimwambia Mume Wangu Anyamaze

Mume wangu ni nesi. Ndiyo, nesi wa kiume, na mashoga zangu walishacheka mpaka wakachoka. Asubuhi hiyo alirudi kutoka zamu ya usiku, akakaa mezani, chai ikapoa mbele yake. Nikamuuliza, "Baba watoto, kuna nini?"

"Nusura niue mtu."

Daktari alikuwa ameandika insulini 6U, hiyo U ikiwa kifupi cha uniti. Kwa haraka ya kalamu, U ikafunga juu kama sifuri. Yeye akasoma 60. Alishavuta dawa kwenye bomba la sindano, yuko kitandani kwa mgonjwa, ndipo bibi mwenyewe, mzoefu wa kisukari miaka nenda rudi, akauliza: "Mwanangu, mbona leo imejaa hivyo?" Dozi mara kumi! Sukari ingeshuka hadi azimie, na usiku ule wangedhani amelala tu.

"Nataka nimwambie matroni," akasema.

Jamani, niliruka. Si hujamchoma? Sasa unaripoti nini? Kichwani mwangu kulikuwa na kodi ya nyumba, ada ya mtoto, na jina lake likizungushwa kwenye korido. Naye hofu alikuwa nayo tayari. Kwenye kundi lao la WhatsApp walishaijadili sana kesi ya RaDonda Vaught, nesi wa Nashville, Marekani, ambaye mwaka 2017 alimpa mgonjwa dawa ya kupoozesha misuli badala ya dawa ya kumtuliza. Mgonjwa akafariki. Nesi alikiri kosa mwenyewe, hakuficha. Mwaka 2022 akatiwa hatiani, akawekwa chini ya uangalizi miaka 3, jela akaikosa kidogo tu.

Kingine, hata pa kuripoti hakupajua. Alichokijua ni fomu ya njano ya TMDA, ile ya madhara ya dawa. Kwamba hata kosa lililoishia kwenye bomba linaandikwa, ili daktari ajue anapaswa kuandika neno "uniti" lote badala ya U, hakuna aliyewahi kumwambia kazini.

Akanisikiliza. Akanyamaza.

Wiki 3 baadaye, dada mmoja wa zamu nyingine akakutana na U ileile. Mgonjwa wake hakuuliza. Walimkuta amelowa jasho, haongei. Dripu ya glukosi ikamrudisha, tunamshukuru Mungu.

Mume wangu hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alikula kimya siku 4, anasema "asante" kama mgeni.

Na mimi ni mhariri, eti! Ofisini tukikosea jina la bi harusi chini ya picha, tunaomba radhi toleo linalofuata, na siku hiyohiyo tunakaa kutafuta kosa lilipitia wapi. Hafukuzwi mtu. Nyumbani kwangu nikahubiri kinyume.

Siku ya 5 alikwenda kwa matroni. Fomu haikuwepo, akapewa karatasi ya mistari. Aliandika usiku mezani kwetu, kisha akanisogezea nimsahihishie. Nikaweka nukta, nikarekebisha herufi kubwa. Kwenye sentensi ya pili alikuwa ameandika kwamba hakuripoti mapema kwa sababu alishauriwa anyamaze. Hakusema na nani.

Nilishika kalamu juu ya sentensi ile muda mrefu. Nikaiacha kama ilivyo.