Arusi Katika Bustani ya Kale

"Nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani." Methali hii husemwa sana wakati wachumba wanapochunguzana. Leo, ndugu msomaji, tutaitumia kwa nyumba yenyewe: ile nyumba ya kale yenye bustani, ambayo maarusi huiteua ili wafungie ndoa yao humo.

Safari yetu ni ya Charleston, mji wa bandari katika jimbo la South Carolina, kusini-mashariki ya Marekani. Kwetu mwaka hugawanywa na mvua na kiangazi. Huko hugawanywa na baridi na joto, na katikati yake huja majira ya machipuko, tangu Machi hadi Mei. Mwishoni mwa Machi na mwanzoni mwa Aprili maua ya azalea hufunguka kwa pamoja, meupe, mekundu na ya zambarau, hata vichaka vikaonekana kama vimetandikwa kanga. Juu yake husimama mialoni mikubwa isiyopukutisha majani, nayo imening'iniza mimea ya kijivu mfano wa ndevu za wazee. Kwa uzuri huo, watu wengi huoana huko katika majira haya.

Kilomita zipatazo 22 kutoka mjini, kando ya mto Ashley, ipo Middleton Place. Henry Middleton alianza kuitengeneza bustani yake mwaka 1741. Ardhi imekatwa matuta kama ngazi kubwa zinazoshuka mtoni, na chini yake yamechimbwa maziwa mawili yenye umbo la mbawa za kipepeo. Arthur, mwana wa Henry, alikuwa miongoni mwa waliotia sahihi Tangazo la Uhuru wa Marekani la mwaka 1776. Lakini matuta hayo hayakukatwa kwa mikono ya Henry wala ya Arthur. Yalikatwa na Waafrika waliokuwa watumwa, na mali ya jamaa hiyo ilitokana na mpunga uliolimwa na Waafrika hao hao ndani ya maji na matope.

Mwezi wa Februari 1865, vita ya wenyewe kwa wenyewe ilipokuwa ikielekea mwisho, askari wa Muungano waliichoma nyumba hiyo. Siku hizo hizo askari weusi wa Muungano walikuwa miongoni mwa wa kwanza kuingia Charleston, na watumwa wa mji wakawapokea kwa shangwe. Tetemeko la ardhi la mwaka 1886 likaangusha kuta zilizobaki, na leo limesalia jengo moja la pembeni, ambalo ni nyumba ya makumbusho. Karibu yake ipo nyumba ndogo ya mbao iitwayo Nyumba ya Eliza, ambamo historia ya watumwa wa mahali hapo huelezwa.

Sasa tuje kwenye shauri letu. Maarusi wa huko, kabla ya kununua lolote, huchagua wazo moja kuu la sherehe, na rangi, nguo, maua na chakula vyote hulifuata. Kwa miaka mingi wazo lililopendwa katika bustani hizi lilikuwa "siku za mabwana wa zamani": magauni mapana, magari ya farasi, watumishi waliosimama safu. Wazo hilo lapendeza machoni, lakini limeficha nusu ya habari. Mwezi wa Desemba 2019 kampuni za Pinterest na The Knot, ambazo watu wengi huzitegemea katika kupanga arusi, zilitangaza kwamba zitapunguza kuyatukuza mashamba ya watumwa kuwa mahali pa arusi. Mwigizaji Ryan Reynolds, aliyemwoa Blake Lively mwaka 2012 katika shamba la Boone Hall karibu na Charleston, alikiri hadharani mwaka 2020 kwamba walijutia uchaguzi huo.

Kwa nini arusi hasa ndiyo iumize? Kwa sababu sheria ya wakati ule haikuitambua ndoa ya mtumwa. Watumwa walioana mbele ya wenzao, wengine kwa kuruka ufagio, lakini mume aliweza kuuzwa Jumatatu na mke Jumanne. Robert Smalls, mtumwa aliyefanya kazi melini katika bandari ya Charleston, alimwoa Hannah mwaka 1856, akawa anaweka akiba ili amkomboe mkewe na watoto. Fedha haikutosha. Alfajiri ya tarehe 13 Mei 1862 akaichukua meli ya kijeshi iitwayo Planter, akampakia mkewe, watoto na watumwa wengine, akapita mbele ya ngome za adui na kuifikisha kwa wanamaji wa Muungano. Ndivyo alivyoilinda ndoa yake.

Basi, je, watu wasioane katika bustani za kale? Sisi hatusemi hivyo. Twasema wazo la arusi litoke katika ardhi yenyewe, bila kuisingizia. Rangi zichukuliwe kwa maua yaliyochanua wiki ile, kusiwe na haja ya kuagiza mengine kutoka mbali. Chakula kiwe kile walichokijenga watu wa Gullah, wazao wa watumwa wa pwani ile: wali mwekundu wa nyanya, supu ya bamia, kamba pamoja na uji mzito wa mahindi. Mezani viwekwe vikapu vya majani makavu, ambavyo asili yake ni nyungo za kupepetea mpunga, na vinunuliwe kwa wafumaji wenyewe wauzao kando ya barabara. Kabla ya ngoma kuanza, mzee mmoja asimame aeleze ni nani waliolima pale, na wageni wakae kimya kidogo. Tena pawe na hema tayari, kwani mvua ya machipuko haina miadi, na dawa ya kufukuza mbu na visubi isisahauliwe.

Nasi pia, tunapokodi jumba la kale kwa arusi ya binti yetu, tuulize kwanza lilijengwa na nani, na kwa jasho la nani. Smalls alizaliwa mwaka 1839 mjini Beaufort, katika kibanda nyuma ya nyumba ya bwana wake. Baada ya kupata uhuru aliinunua nyumba ile ile, akaishi humo na jamaa yake. Kuta hazikubadilika, lakini mara hii mume na mke waliolala ndani yake hapakuwa na mtu wa kuwatenganisha.