Jua Linapozama Ujiji: Kuwapiga Picha Watoto Wetu

Wale wanaoishi Dar es Salaam, Tanga au Mtwara wamezoea kuliona jua likitoka baharini asubuhi na kupotea nyuma ya mapaa ya nyumba jioni. Kigoma mambo ni kinyume. Huko jua huchomoza nyuma ya vilima, likazunguka juu ya mji mchana kutwa, kisha likateremka kwenye Ziwa Tanganyika, upande wa milima ya Kongo. Anayetaka kujifunza kupiga picha jioni hapati darasa bora kuliko ufuko ule.

Sisi tulikwenda akina mama watatu, wawili wauguzi na mmoja mwalimu wa shule ya msingi. Kanisani kwetu tunasaidia kundi la watoto, na kila mwaka wazazi hutuuliza kama tunazo picha za watoto wao. Hakuna mpiga picha wa kazi kati yetu. Tulichukua kamera moja ndogo, simu zetu, na shuka moja jeupe ambalo kazi yake tutaieleza.

Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914, zaidi ya kilomita 1,200 kutoka Dar es Salaam, na jengo la stesheni lililojengwa na Wajerumani lingali limesimama karibu na maji. Ukitoka mjini kwenda kusini, mwendo wa kilomita kama 10 hivi, unafika Ujiji, mji wa zamani wa miembe na biashara, ambako Stanley alimkuta Livingstone mwaka 1871. Wageni wengi huishia kwenye mnara wa kumbukumbu ya mkutano huo. Sisi tuliteremka hadi ufukweni, maana watoto wako huko.

Jioni ufuko wa Ujiji una shughuli nyingi. Akina mama wanakusanya dagaa waliokauka, mafundi wanagonga mbao za mitumbwi, wavuvi wanatayarisha taa na nyavu. Dagaa huvuliwa usiku kwa kuvutwa na mwanga, na mwezi ukiwa mpevu wavuvi wengi hupumzika. Mitumbwi mingine hufungwa miwili miwili kwa miti, wavu ukashushwa katikati. Inapoondoka ufukweni jioni, jua huwa nyuma yake, na watoto husimama majini hadi vifundoni wakiitazama. Hapo ndipo tulipoanzia.

Saa ya kuanza

Kigoma iko mbali magharibi, lakini inafuata saa ileile ya Dar es Salaam. Kwa hiyo jua la huko huchelewa kuzama kwa dakika 40 hivi. Wakati Dar es Salaam kumeshaingia giza, Ujiji watoto bado wanacheza juani, na jua huzama karibu na saa 1 jioni au kupita kidogo.

Lakini mama asidanganyike kwamba ana muda mrefu. Nchi zetu ziko karibu na ikweta, na jua hushuka wima, halizami kwa mshazari kama kule Ulaya. Dakika 20 baada ya kuzama, giza limekwisha kuingia. Mwanga ule wa rangi ya dhahabu, unaolainisha kila kitu, hukaa chini ya saa moja. Inafaa kufika mapema, kusalimiana na wenyeji, kuomba ruhusa, na kuchagua mahali pa kusimama kabla jua halijawa jekundu.

Majira nayo yana neno. Kuanzia Juni hadi Agosti hewa huwa na vumbi na moshi wa mashamba yanayochomwa. Jua huonekana kama duara jekundu, wala milima ya Kongo haionekani. Wakati wa masika, baada ya mvua kunyesha na kuacha, hewa husafika, milima ikaonekana wazi ng'ambo, na mawingu yakashika rangi. Majira yote mawili ni mazuri kwa picha, mradi ujue unatazamia nini.

Kwa nini uso hutoka mweusi

Karibu kila anayeanza hukutana na jambo hili. Mtoto amesimama mbele ya jua, anacheka, nywele zake zinang'aa pembezoni kama zimepakwa dhahabu. Picha ikitoka, anga ni zuri lakini mtoto ni kipande cha giza. Kamera haina ubaya. Yenyewe hupima mwanga wote ulio mbele yake, ikaona anga kali, ikapunguza mwanga unaoingia. Anga likapona, uso ukapotea. Haijui kwamba wewe ulikuja kwa ajili ya mtoto, si kwa ajili ya anga.

Kwa ngozi zetu jambo hili huwa zito zaidi. Wakubwa wenzetu wanakumbuka picha za filamu ambazo nyuso zetu zilitoka nyeusi mno hata mchana. Kulikuwa na sababu. Tangu miaka ya 1950 maabara nyingi za kusafisha picha za rangi zilipima rangi zao kwa kadi ya Kodak yenye sura ya mwanamke wa Kizungu. Kadi hizo ziliitwa kadi za Shirley. Sura ile ikitoka vizuri, kazi ilihesabiwa kuwa nzuri. Ni katika miaka ya 1990 tu kampuni hiyo ilipotoa kadi yenye wanawake wa rangi mbalimbali. Kwa hiyo mama usikubali kuambiwa kwamba mtoto wako ni mweusi mno kwa picha. Mwambie mpiga picha aongeze mwanga.

Kuurudisha uso

Njia ya kwanza haina gharama. Ukitumia simu, gusa uso wa mtoto kwenye kioo, ushikilie kidole kidogo, na simu itapima mwanga wa pale. Kisha sogeza alama ya jua inayotokea kando mpaka uso upendeze. Kwa kamera, tafuta kitufe chenye alama za kujumlisha na kutoa, uongeze hatua moja hadi mbili. Anga litafifia kidogo, lakini mtoto ataonekana.

Njia ya pili ni lile shuka. Mama mmoja anashika shuka jeupe mbele ya mtoto, pembeni mwa mpiga picha, likitazamana na jua. Mwanga wa jua unaligonga shuka na kurudi usoni mwa mtoto kwa upole. Macho yanapata uhai, mashavu yanatoka gizani. Kipande cha boksi kilichofunikwa karatasi ya fedha ya jikoni kinafanya kazi hiyohiyo, ila mwanga wake ni mkali na mtoto hufumba macho. Sisi tulipenda shuka. Jioni ya pili watoto wenyewe walikuwa wanagombania kulishika.

Njia ya tatu ni flashi ya kamera. Inasaidia pale tu mtoto anapokuwa karibu, hatua mbili au tatu, kwa maana flashi ndogo haifiki mbali.

Yako na mambo madogo yenye faida kubwa. Futa lenzi ya simu kwa kitambaa safi, kwani mafuta ya vidole yakipigwa na jua hufanya picha nzima kuwa na ukungu. Simama mahali ambapo kichwa cha mtoto kinaliziba jua, na mwanga utamzunguka badala ya kuingia kwenye lenzi. Jua likichungulia pembeni, kinga lenzi kwa kiganja cha mkono. Piga goti ili uwe sawa na macho ya mtoto, na angalia ule mstari wa maji usipite shingoni mwake. Watoto hawatulii, basi piga nyingi mfululizo, uchague baadaye. Mwenye kamera ya kupanga mwendo aweke 1/250 ya sekunde au zaidi, la sivyo mtoto anayekimbia atatoka kama moshi.

Kwa nini tunasisitiza uso? Mkoa wa Kigoma unalijua jibu. Mwaka 1996, vita vilipozuka Kongo, maelfu ya watu walivuka ziwa hili kwa mitumbwi na meli, na mwaka huohuo kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa wilayani Kasulu. Baada ya mauaji ya kimbari ya Rwanda ya mwaka 1994, mashirika kama Msalaba Mwekundu na UNICEF yalipiga picha za watoto waliopotezana na wazazi wao, picha zikaonyeshwa ili ndugu wawatambue. Mtoto mdogo hajui jina la kijiji chake, pengine hata jina la baba yake. Uso wake ndio uliomtambulisha. Mama mwenye picha iliyo wazi ya mtoto wake ana kitu chenye thamani kuliko pambo la ukutani.

Kuuficha uso kwa makusudi

Jioni ya tatu mama mmoja kijana, anayeuza dagaa, alitujia na mwanawe mkononi.

"Shikamooni, mama zangu."

"Marahaba, mwanetu. Habari za biashara?"

"Nzuri. Huyu naye anataka picha. Mpigeni, lakini sura yake isifike kwa watu nisiowajua."

Hatutaeleza sababu yake, maana ni yake. Sisi wauguzi tumefundishwa kwamba siri ya mgonjwa haitoki wodini, na siri ya mama ufukweni ni vivyo hivyo. Tulimpiga mtoto picha mbili. Ya kwanza, shuka likiwa mbele yake, uso wazi na meno mawili ya mbele hayapo. Hiyo tuliisafisha mjini siku ya pili, tukampa mama, kisha tukaifuta kwenye simu yeye akiona. Ya pili alisimama ubavu, mkono juu akiwapungia wavuvi, mwili wote mweusi mbele ya maji mekundu. Hiyo aliturudhia kuondoka nayo.

Hapo ndipo tulipoona kwamba mwanga unaotoka nyuma unampa mama hiari. Jua lilelile linaweza kuuonyesha uso au kuuficha, na anayeamua si kamera. Kwa albamu ya nyumbani, onyesha uso. Kwa picha itakayobandikwa hadharani, itakayopelekwa kwa wafadhili, au itakayotumwa kwenye kundi la simu lenye watu usiowafahamu, fikiri mara mbili. Hasa mtoto akiwa mgonjwa, yatima, au wa nyumba yenye shida, tusimtembeze kwa watu ili sisi tusifiwe kwa huruma. Atakua. Ataiona picha ile akiwa na miaka 20.

Picha ya kivuli ina utaratibu wake. Gusa anga kwenye kioo cha simu, si mtoto, kisha shusha mwanga mpaka uso usionekane kabisa. Usitosheke na giza jepesi, kwani kuna programu za simu zinazoweza kuliangaza na kuurudisha uso uliodhani umeuficha. Mtoto asimame ubavu, mikono iachane na mwili, na watoto wawili wasizibane. Kumbuka pia kwamba simu nyingi huandika ndani ya picha mahali ilipopigwa. Zima jambo hilo kwenye mipangilio kabla ya kutuma.

Usalama ufukweni

Kwa kuwa ni wauguzi, hatuwezi kuliacha hili. Usimwambie mtoto alitazame jua, na wewe usilitazame kupitia tundu la kamera, kwa maana lenzi hukusanya mwanga na kuweza kuunguza jicho bila maumivu. Jua likiwa juu bado, angalia kwenye kioo cha nyuma cha kamera, si tunduni.

Maji ya ukingoni, hasa penye majani na konokono, yanaweza kuwa na kichocho, na vijidudu vyake hupenya kwenye ngozi. Ziwa hili ni la pili duniani kwa kina baada ya Baikal la Urusi, kina chake kikifika karibu mita 1,470, na sehemu nyingine hushuka ghafla karibu na ukingo. Basi wapange watoto mchangani, maji yabaki nyuma yao kama pambo. Mtu mzima mmoja asishike kamera wala shuka. Kazi yake iwe kuwahesabu watoto tu. Na giza likianza, mbu nao wameanza. Wavisheni nguo za mikono mirefu, mrudi nyumbani.

Kabla ya kufunga simu

Picha inayokaa kwenye simu inaibiwa pamoja na simu. Kila baada ya miezi michache chagueni mbili au tatu za kila mtoto, mzisafishe, mkaandike nyuma kwa kalamu ya risasi laini: jina, tarehe, mahali. Moja wekeni pamoja na kadi yake ya kliniki, maana kadi inaonyesha uzito wake na picha inaonyesha alivyokuwa akicheka. Nyingine mpeni mwenyewe aitunze. Hata asiyekaa karibu na ziwa ana uwanja wa nyumba, ana shuka jeupe, na jua la saa 12 jioni halimwachi mtu.