Ipe Ganzi Muda

Mtu akiona damu kwenye mkojo, mara nyingi hukaa nayo kimya. Anajua akienda hospitali huenda kibofu kikachunguzwa kwa kamera, na kamera hiyo hupitia njia ya mkojo. Aibu na hofu ya maumivu humrudisha nyumbani. Nami niliogopa vivyo hivyo, mpaka zamu yangu ilipofika.

Nesi aliingiza jeli ya ganzi taratibu, kisha akasema, "Tusubiri kidogo, baba. Dawa haijashika." Foleni nje ilikuwa ndefu, daktari alishavaa glovu, lakini wote wakasubiri. Heshima ile sijaisahau.

Dawa yenyewe ni lidokeini, iliyotengenezwa Sweden mwaka 1943 na mkemia Nils Löfgren. Huzuia sodiamu isiingie kwenye mishipa ya fahamu, hivyo taarifa ya maumivu haisafiri. Lakini jeli ikipakwa juu ya utando laini, lazima kwanza ipenye ndani, na kazi hiyo huhitaji dakika 10 hivi, pengine 15. Kwa mwanamume, ambaye njia yake ya mkojo ina urefu wa karibu sentimita 20, subira hiyo ina uzito mkubwa. Asiyesubiriwa huumia, halafu hujiona dhaifu, kumbe dawa haikupewa nafasi.

Tangu hapo naamini kwamba msaada mwema unaweza kuumiza ukitolewa kabla ya wakati wake. Tunampa mfiwa mawaidha kabla hajalia akatosheka. Tunamsahihisha mtoto angali anatetemeka kwa hofu. Maneno yetu ni ya kweli, ila moyo wa anayeyapokea bado haujawa tayari.

La pili nililojifunza ni ukweli. Daktari hakuniahidi kwamba sitahisi kitu. Aliniambia nitahisi kubanwa na mkojo maji yakijaza kibofu, na kwamba nikiumia niseme, atasimama. Ganzi ile haiondoi kila hisia; kilichobaki kilibebwa na kuaminiana. Niliyahisi aliyoyataja, nami sikushtuka.

Wanaume tumezoea kuambiana tujikaze kisabuni. Lakini ujasiri ninaoutamani kwa ndugu zangu ni wa kwenda mapema. Visiwani Zanzibar na katika Kanda ya Ziwa Victoria, damu kwenye mkojo inaweza kuwa kichocho, na kichocho cha mkojo kisichotibiwa kinaweza kuleta saratani ya kibofu. Mficha uchi hazai.

Basi nenda. Ukifika, uliza bila haya kama utawekewa ganzi, na omba isubiriwe mpaka ishike. Nawe unayemhudumia mgonjwa, hata kama ni kumwekea mpira wa mkojo tu, mpe dakika hizo. Ni sehemu ya tiba, na ni haki yake.