Viputo Ukutani

Kiputo cha hewa kwenye wolpepa ya kujibandika hakitaki nguvu. Ukikibonyeza kwa kidole kinahamia pembeni tu. Toboa ukingoni kwa sindano nyembamba, kisha isukume hewa kuelekea tundu kwa kadi ya benki iliyofungwa kitambaa laini. Plastiki ikikaza, ipashe kidogo kwa draya ya nywele. (Niliazima kwa msusi wa jirani.) Kinachorudi kesho yake, mara nyingi ukuta una unyevu.

Mama alitaka ukuta wa kando ya kitanda ufunikwe kabla ya arobaini ya Baba. Alipokuwa akijishikiza kuinuka, miezi ile yote, rangi ilikuwa imeshika weusi wa viganja. Nilibakiza kiputo kimoja, usawa wa bega lake. Mama akanishika mkono.

"Hicho kiache kwanza."