Mlenda wa Ibadan, Mboga ya Kumkirimu Mgeni

Ibadan ni mji mkuu wa Jimbo la Oyo, kusini magharibi mwa Nigeria, mwendo wa takriban kilomita 130 kutoka Lagos. Ni mji wa vilima, na atazamaye kutoka juu huona mapaa ya mabati yaliyoshika kutu yakienea hadi upeo wa macho. Wenyeji wake ni Wayoruba, na miongoni mwao Waislamu na Wakristo aghalabu hutoka ukoo mmoja. Tulifika huko wanawake watano wa pwani, na tangu siku ya kwanza masikio yetu yaliokota maneno tuliyoyajua: saa huiita wakati, dua huiita adura, na kitunguu ni alubosa, neno lenye asili ya Kiarabu.

Mwenyeji wetu, ambaye majirani humwita Alhaja kwa kuwa amekwisha kuhiji, alirejea kutoka sokoni na mafungu ya majani mabichi. Tuliyatambua kabla hajayatua chini. Yalikuwa mlenda! Wayoruba huuita ewedu.

Tulikaa naye jikoni tukichambua. Jani huchumwa moja moja, bua likatupwa, kisha majani huoshwa mara kadhaa mpaka maji yatoke bila mchanga. Hutiwa katika maji machache yanayochemka pamoja na magadi kidogo, ili yalainike na rangi yake ya kijani ibaki. Yakiiva, hupigwa kwa ijabe, kifagio kifupi cha vijiti kilichowekwa kwa kazi ya jikoni tu, kinachotumika mfano wa upekecho wetu. Alhaja alipiga bila papara hadi majani yakawa uji laini unaovutika. Mwisho alitia chumvi na iru, yaani mbegu zilizochemshwa na kuvundikwa hadi zikatoa harufu kali. Harufu hiyo humshtua mgeni, lakini ndani ya chungu hugeuka ladha nzito ya kupendeza.

Mlenda huo hauliwi peke yake. Pembeni palikuwa na gbegiri, mchuzi wa manjano wa kunde zilizomenywa maganda, kazi ambayo kila mpishi wa bajia za kunde anaijua, kisha zikachemshwa hadi zikavurugika na kutiwa mafuta ya mawese. Palikuwa pia na mchuzi mwekundu wa nyanya na pilipili wenye nyama. Vyote hivi huliwa na amala, sima ya unga wa viazi vikuu vilivyokaushwa, ambayo ikisongwa katika maji ya moto huwa ya rangi ya kahawia. Mchanganyiko wa mchuzi wa kunde na mlenda huitwa abula, na watu wa Ibadan hujivunia mno.

Chakula kilipokuwa tayari, mjukuu wa Alhaja alituletea maji ya kunawa, kisha sahani, na kila alipompa mmoja wetu alipiga magoti yote mawili. Hiyo ndiyo heshima ya binti wa Kiyoruba mbele ya mkubwa wake. Tukasema Bismillahi, tukala kwa mkono wa kulia.

Katikati ya chakula, Alhaja akauliza: "Na kwenu, mwaupikaje?"

Wadogo wetu wakatazamana. Aliyejibu ni mkubwa wetu, Bibi wa miaka sabini, akieleza magadi na chumvi alivyovipima kwa mkono wa mamake, na sima iliyokuwa ikingojea. Alhaja alimsikiliza kwa makini kama amsikilizavyo mpishi mwenzake. Sisi wengine tukaona kwamba ujuzi ule, katika msafara mzima, ulikuwa kwa mtu mmoja tu.

Waama, akina mama, kwetu mlenda umekuwa chakula cha siku ya kukosa kitoweo. Mgeni akibisha hodi, sufuria hufichwa, na mtoto aonaye hivyo hujifunza kuuonea haya. Huko Ibadan mtoto huona jani hilo hilo likiandaliwa kwa magoti mbele ya mgeni, naye hukua akilitaka.

Tangu turudi, kila Jumamosi Bibi hupika na mabinti wawili huchambua. Juma lililopita walifika wageni bila taarifa. Sufuria haikufichwa, na wageni waliomba kuongezewa.