Sa Calobra: ukishuka, ujue utapanda

Ni saa mbili asubuhi, mwezi Machi, na ubaridi haujaondoka Port de Pollença. Nje ya hoteli za ufukweni baiskeli zimeegemezwa ukutani. Watu wazima wanajaza chupa za maji na kubonyeza tairi kwa vidole kupima upepo.

Huku ni Mallorca, kisiwa cha Hispania katika Bahari ya Mediterania. Kaskazini mwa Ulaya bado baridi haijaisha, hivyo waendesha baiskeli huja hapa majira ya machipuko kujiandaa na msimu wa mashindano. Wengi wao si wachezaji wa kulipwa. Ni wafanyakazi wa kawaida, baba na mama wenye watoto wa shule, waliotenga wiki moja ya likizo.

Baadhi yao wanalenga Mallorca 312, inayofanyika hapa Aprili. Jina linatokana na njia yake ndefu: kilometa 312 kwa siku moja.

Mwili haujengwi kwa pupa. Siku za mwanzo huendeshwa taratibu katika uwanda wa katikati ya kisiwa, kwenye vijia vya lami vilivyopita kati ya kuta za mawe na mashamba ya milozi. Kipimo hakihitaji mashine: ukishindwa kumaliza sentensi ukizungumza na mwenzako, punguza mwendo. Katika mji mdogo wa Petra, uwanja mkuu hujaa baiskeli wakati wa kahawa.

Baada ya hapo ni zamu ya milima. Safu ya Serra de Tramuntana iliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2011. Humo ndimo ilimo barabara ya Sa Calobra, iliyosanifiwa na mhandisi Antonio Parietti na kujengwa mwanzoni mwa miaka ya 1930. Inashuka zaidi ya kilometa tisa hadi baharini, kona baada ya kona, na mahali pamoja inajizungusha na kupita chini yake yenyewe, kama fundo la tai.

Ugumu wake ni kwamba barabara nyingine ya kutoka huko chini hakuna. Aliyeshuka kwa dakika 20 anaweza kuhitaji saa nzima kurudi juu, tena kwenye kona anazopishana na mabasi ya watalii. Akifika juu, bado ana zaidi ya kilometa 30 hadi Port de Pollença.

Ndiyo maana wazoefu hula kabla ya njaa. Kwa mazoezi marefu, ushauri wa kawaida ni gramu 30 hadi 60 za wanga kwa saa. Ndizi moja ya wastani ina takribani gramu 27. Koti jepesi nalo halikosi mfukoni, kwa kuwa jasho la mpando hugeuka baridi kwenye mteremko.

Kwa waliokuja na familia, kuna hesabu nyingine. Mmoja anaendesha asubuhi, mwenzake anabaki na watoto mchangani, na mchana wanabadilishana. Aliyeahidi kurudi saa saba akafika saa tisa amekula zamu ya mwenzake, na amemwacha huyo mwenzake na wasiwasi saa mbili nzima akitazama simu.

Hivyo juu ya Sa Calobra utamwona mzazi amesimama, mguu mmoja chini, akitazama kona zinazoteremka, kisha saa yake. Amesafiri mbali kwa ajili ya barabara hii, na miguu bado ina nguvu. Lakini upepo umekuwa wa mbele tangu asubuhi, na umekula nusu saa yake.

Mzazi unayefanya mazoezi marefu, popote ulipo, kubalianeni saa ya kurudi kabla hujatoka, na weka pia saa ya kugeuza hata kama hujafika.

Yule wa Sa Calobra anafunga zipu ya koti, anageuza baiskeli na kurudi alikotoka. Barabara ya baharini ataijaribu keshokutwa, akianza mapema zaidi.