TAWAKKUL SI KWENDA MLIMANI MIKONO MITUPU



Ndugu zangu katika imani, kiangazi kimeingia. Vijana wetu hapa Kisanga wanapanga kwenda kupanda milima ya Udzungwa. Nimewahimiza waende. Mwenyezi Mungu ametuamrisha tutembee katika ardhi na tuzingatie, na hifadhi ile, iliyoanzishwa mwaka 1992, hutembelewa kwa miguu.

Lakini mmoja wao amesema neno ambalo siwezi kulinyamazia: "Shekhe, maandalizi mengi ni upungufu wa tawakkul. Aliyeandikiwa kufa atakufa hata kitandani."

Sikiliza, ndugu yangu. Hilo la pili ni kweli, la kwanza si kweli. Mtume (s.a.w.) alipoulizwa juu ya ngamia, alifundisha afungwe kwanza, kisha mtu amtegemee Allah. Na Qur'ani imetukataza kujitupa wenyewe katika maangamizi. Kadari ni ya Allah kuijua. Wewe umepewa sababu uzishike.

Basi ngamia wetu wa Udzungwa anafungwaje?

1. Ujue msimu. Masika, Machi hadi Mei, njia ni utelezi mtupu. Juni hadi Oktoba ndiyo miezi mizuri. Ila usidanganyike: majani makavu kwenye mteremko huteleza, na mawe ya maporomoko ya Sanje, yanayoshuka mita 170, yana maji na ukungu mwaka mzima. Wengi hujihadhari kwenye tope wakajisahau pakavu. Usiku juu kuna baridi. Beba sweta na koti la mvua.

2. Usiende peke yako. Mtume (s.a.w.) ametutahadharisha na safari ya upweke, na akaelekeza watu watatu wakisafiri wamteue mmoja awe amiri. Njia ya kilele cha Mwanihana ni kama kilomita 38, siku tatu na kulala mara mbili, na humo kuna tembo na nyati. Hapo unakwenda na muongozaji na askari wa hifadhi. Akisema simama, simama. Kumtii ni sehemu ya kushika sababu.

3. Maji. Beba ya kutosha, na ya mtoni uyachemshe. Ukiwa mgongoni mwa mlima na maji uliyonayo ni ya kunywa tu, sharia imekuruhusu kutayamamu. Usijiue kwa kiu ili upate udhu. Lakini usitayamamu huku unasikia mto unanguruma bondeni na njia ya kuufikia ni salama.

4. Viatu. Vaa vilivyoshika mguu na kufunika vifundo. Ukivivaa ukiwa na udhu, msafiri anaruhusiwa kupaka maji juu yake siku tatu na usiku wake, maadamu hujavivua. Tazama rehema hiyo: siku tatu, sawa na safari ya Mwanihana!

5. Swala. Masafa ya safari yakitimia, punguza na kukusanya. Kibla chetu ni kaskazini, kidogo mashariki. Mwezi wa sita na wa saba jua la adhuhuri nalo huwa upande wa kaskazini, basi hutapotea. Jua huzama baada ya saa kumi na mbili jioni, lakini chini ya miti mikubwa giza hutangulia. Panga uwe umefika kambini wakati wa alasiri.

6. Kurudi si aibu. Mwenzako akizidiwa, kundi zima lirudi naye. Wanazuoni wametufundisha kwamba kuzuia madhara kunatangulia kuleta manufaa. Kilele hakina thawabu ya kukifikia. Kumstiri ndugu yako kuna thawabu.

Na kabla ya kutoka, waage wazazi. Waambie mnapita Mikumi na Kidatu mpaka Mang'ula, mnatarajia kurudi siku gani, na mko na nani. Mama anayekaa mlangoni bila habari ana haki juu yako.

Ukishafanya hayo yote, sema Bismillahi tawakkaltu 'alallah, ukanyage njia. Hapo ndipo neno hilo linakuwa na uzito mdomoni mwako.

Allah awalinde wasafiri wetu, awarudishe salama. Mfikishie kijana yeyote unayemjua anayejiandaa kwenda.

Wallahu a'lam.